Mgonjwa wa Kompyuta Hana Malalamiko

Jumanne, 4 Juni

Bosi kaniita. Nikajua tu kuna jambo. Ofisini tunamwita Mzee wa Slaidi, kwa sababu hata salamu angependa aitoe kwa slaidi, na hana kawaida ya kumwita mtu ofisini kwake bure. Ananipeleka kwenye kongamano la watafiti wa watumiaji, sisi tunaotazama watu wakihangaika na programu. Hoteli, chakula, kila kitu. Miaka yote naomba, naambiwa hakuna nafasi. Leo nafasi imepatikana yenyewe!

Sharti lake: nirudi na masomo, Jumatatu niwaeleze wakubwa. Kisha akashusha sauti. Nisikilize hasa mada ya watumiaji bandia, yaani kompyuta inayojibu maswali badala ya watu. Unaiuliza, inajibu kama mgonjwa. Huna haja ya kwenda hospitali, huna haja ya kusubiri mtu atoke wodini, huna haja ya mimi.

Hilo la mwisho hakulisema. Nimeliongeza mwenyewe.

Nijiandikie wazi, nisije nikajidanganya baadaye. Programu yetu ya simu ni ya wagonjwa wa figo, wale wanaosafishwa damu kwa mashine. Inawapangia zamu ya kitanda. Kwa sasa njia ni mbili: simu, au dirisha la hospitali, pale Sista anapowaandika kwa mkono. Bosi anataka dirisha lifungwe. Mimi nimekaa na wagonjwa hawa, nimewaona wanavyohangaika na ile programu. Wakishindwa hukimbilia dirishani. Likifungwa, watu watakosa zamu. Na mtu wa figo akikosa zamu, maji yanamjaa mwilini mpaka anashindwa kupumua. Hapo hatuzungumzii tena rangi ya kitufe.

Wifi yangu kanikuta nafunga begi. "Kongamano la wambea!" kasema. Kwake yeye kazi yangu ni umbea wa kulipwa. Huyo ndiye pekee aliyenichekesha leo.

Jumatano, 5 Juni

Ukumbi baridi kama jokofu. Zulia lina madoa ya kahawa ya makongamano yote yaliyopita. Kila mtu ana beji shingoni na kila mtu anasoma kifua cha mwenzake kabla ya kuamua kama atamsalimia.

Nalala chumba kimoja na mchoraji wetu wa skrini. Tunamwita Rangi. Binti mzuri, mchapakazi, ana furaha ya mtu ambaye bado hajavunjwa moyo. Ananiita dada. Amepiga picha kila slaidi.

Asubuhi warsha ya mahojiano. Somo la kwanza: usimwulize mtu kama amependa, itazame mikono yake. Sawa. Hilo nalijua tangu zamani, lakini nililiandika, ilinipa raha kulisikia likisemwa kwenye spika. Somo la pili: ukishauliza, nyamaza. Usimsaidie mtu kujibu. Ule ukimya ukimchosha atasema la moyoni.

Wakatupanga wawili wawili tujaribu. Nimeangukia bwana mmoja wa kampuni ya simu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akaniuliza, "Kazi inakwendaje?" Nikasema nzuri. Akanyamaza. Akanyamaza tu, jamani, ananitazama kwa upole. Na mimi kama mjinga nikafunguka: kazi yangu inakufa. Nimesema hivyo! Mbele ya mtu nisiyemjua! Nikasema naogopa, usingizi sipati, na kuna watu watakaoumia nami nitakuwa nimeketi kwenye kikao nakunywa chai. Machozi yakanilengalenga.

Akaandika. Kisha akaniuliza kama ataruhusiwa kunitumia kwenye slaidi zake.

Mbinu inafanya kazi, lazima nikiri.

Alhamisi, 6 Juni

Nimezunguka kwenye vikundi vya chai. Wimbo ni mmoja. Huyu kitengo chake cha utafiti kimefungwa. Yule amebaki peke yake, wenzake wote wamemwaga unga. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akizunguka masokoni kuwatazama watu wakilipa kwa simu, sasa anashinda ofisini analisha kompyuta majibu ya zamani. Nikamwuliza anaitwaje siku hizi. Akasema, "Mlezi wa watumiaji bandia." Akacheka kidogo. Nami nikacheka ili asicheke peke yake.

Hakuna aliyekasirika! Hicho ndicho kinachoniua. Wote wamelainika, wanasifia na keki mkononi. Mwaka juzi, nasikia, watu hawa hawa walikuwa wanagonga meza.

Chumbani nikamlalamikia Rangi. Akaniambia kwa adabu, lakini akaniambia: "Dada, mbona unakichukia kitu ambacho hujakiona?" Labda ni kweli. Labda nimezeeka na ninalinda kibarua changu kwa kisingizio cha wagonjwa. Nimejiuliza hilo kwa dhati na sikupata jibu la kunipendeza.

Tumaini langu ni kesho. Kesho anazungumza Mwalimu — yule aliyenifundisha kazi hii. Aliyekuwa akituvulisha viatu tukiingia nyumba za watu, tukae chini kama wao, tusiwaangalie kutoka juu. Huyo hawezi kuuzwa. Akisema neno moja tu la kupinga, Jumatatu nitakuwa na pa kusimama.

Ijumaa, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Mwalimu alipanda jukwaani baada ya chai. Watu wakasimama. Nami nikasimama — kiherehere changu! — nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mvi zimeongezeka, sauti ile ile. Akaanza vizuri: watu kwanza, mitambo baadaye. Nikamgusa Rangi kwa kiwiko. Unasikia?

Kisha akasema, "Niwatambulishe kwa rafiki yangu." Kwenye skrini ikatokea sura ya mzee wa kuchorwa, kofia kichwani, tabasamu. Bwana Subira. Mgonjwa wa figo.

Moyo ulinilipuka paa.

Akaulizwa anaendeleaje. Jibu likajiandika, Mwalimu akalisoma kwa sauti: "Mimi na hii mashine tumeoana, na mke huyu talaka hazijui." Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Maneno hayo nayajua. Ni ya Fundi Saa. Alikuwa mtengeneza saa kabla figo hazijamshinda, na aliniambia hivyo akiwa amelala, mrija mkononi. Alicheka, kisha akageukia ukutani, na hakunigeukia tena mpaka nilipozima kinasa sauti. Fundi Saa alifariki Machi. Moyo ulimchoka. Na leo watu wenye beji wamemcheka kwa raha kabisa, nao hawajui wanamcheka marehemu.

Nikajua papo hapo. Mahojiano yangu! Bosi amewapa kina Mwalimu bila hata kunidokeza.

Mtu wa nyuma akauliza: dirisha la hospitali likifungwa, ukabaki na simu tu, utajisikiaje? Bwana Subira hakusita: "Haina shida. Tunashukuru kwa huduma." Makofi! Mwalimu akatabasamu.

Haina shida! Wote walinijibu hivyo! Nani atamlalamikia mgeni mwenye beji, naye kalala chali, akiamini mgeni huyo katumwa na hospitali? Waliogopa ukilalamika unanyang'anywa zamu. Walikuwa wananistahi na wananiogopa kwa pamoja. Kwa hiyo chini ya kila "haina shida" niliandika nilichokiona: simu imemshinda, kampa mwanawe, mwanawe naye kashindwa, wote wawili wamekwenda dirishani. Bosi alishawahi kuniambia hayo ni hisia za mtafiti, si data. Basi yameachwa. Wamechukua maneno. Kompyuta imejifunza adabu ya wagonjwa wangu, shida yao haikuambiwa.

Nikanyoosha mkono kuuliza. Kipaza sauti kikazunguka, kikazunguka, muda ukaisha.

Nimemkamata Mwalimu kwenye korido ya vyoo. Shikamoo yenyewe nimeitoa kwa hasira. Akanikumbatia, akaniita mwanangu, akafurahi kweli kuniona, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Nikamwuliza: ulisoma nilichoandika chini ya majibu? Akasema hakuletewa hayo. Aliletewa maneno tu.

"Sasa umejua," nikamwambia.

"Sasa nimejua." Akatazama mlango wa ukumbi, watu walikuwa wanamsubiri wapige naye picha. Akasema amepinga miaka mingi, na kila alipopinga aliondolewa mezani, wakaingia wasiojua kitu. Afadhali abaki ndani, apunguze makali. "Wewe bado una nguvu, mwanangu. Sema wewe."

Akaenda kupigwa picha. Mimi nikaingia chooni nikalia kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

Jumamosi, 8 Juni

Nyumbani. Mume wangu kanipokea begi, akaniuliza vipi, nikasema nzuri. Hakunitesa kwa ukimya kama yule bwana wa shati — akaamini, akaenda kuchemsha maji ya kuoga. Baadaye nimemsimulia yote, jikoni, yeye akikatakata vitunguu. Akasema, "Sema ukweli." Kisha baada ya kitambo: "Lakini sema taratibu." Anamaanisha nisifukuzwe. Simlaumu.

Wifi aliyasikia yote kutoka sebuleni, ukuta wetu hauna siri. Akaja na taulo kichwani. Anataka kujua: kompyuta hiyo, ikikosa zamu inavimba miguu?

Hakungoja jibu, akarudi kwenye runinga yake.

Jumapili, 9 Juni

Slaidi. Nimeandika, nimefuta. Bosi katuma ujumbe: "Masomo matatu. Yawe chanya." Rangi kanitumia picha zake zote za kongamano, na moyo mwekundu juu.

Sina chanya hata moja. Nimechoka. Kichwa kinagonga.

Jumatatu, 10 Juni

Nimesema.

Chumba cha mikutano, pazia limeshushwa, birika la chai katikati. Wakubwa upande mmoja. Kwenye skrini ya ukutani msimamizi wa hospitali, uso wake mkubwa kuliko nyuso zetu sote. Rangi alinitolea ishara ya dole gumba. Mikono yangu nikaificha chini ya meza.

Sikuonyesha slaidi. Nikawaambia nimerudi na somo moja tu: mgonjwa tuliyemwuliza kama dirisha lifungwe, wa kweli, ni marehemu. Tumemjibia sisi. Alipokuwa hai, programu yetu ilimkosesha zamu, na ni dirisha lililomrudisha kitandani siku ile ile. Alikuja akihema kama aliyepanda ngazi mbio. Sista akambananishia nafasi. Nikawaambia "haina shida" ya mtu aliyelala kwenye mashine si ruhusa ya kumfungia mlango.

Kimya. Nikadhani nimewapata! Nilihesabu ule ukimya kuwa ni wangu.

Bosi akajikohoza. Akanishukuru kwa hisia zangu. Akasema ndiyo maana utafiti ni mzuri, unatukumbusha ubinadamu. Kisha akabonyeza kitufe, slaidi yake ikafunguka, ilikuwa tayari tangu mwanzo.

Msimamizi wa hospitali si mtu mbaya, afadhali angekuwa. Uso umechoka. Akasema wauguzi hawamtoshi. Sista anayekaa dirishani anahitajika wodini, kuna mashine zinakaa bure kwa kukosa mtu wa kuzisimamia. Akiniangalia moja kwa moja akaniuliza: "Sasa dada, nimwondoe wodini ili aandike majina?"

Uamuzi: dirisha linafungwa kesho asubuhi, majaribio ya wiki mbili. Watakachokitazama ni kimoja, wagonjwa wangapi wanapanga zamu kwa simu. Idadi ikipanda, dirisha halitafunguliwa tena. Ikishuka, wanalirudisha. Nami nisionekane hospitalini kipindi chote hicho, nisije nikaharibu majaribio.

Bosi akaniambia mlangoni, kwa upole wa mtu aliyeshinda: "Acha watu wenyewe waseme." Nikamwitikia. Nilitoka nimebeba kikombe cha chai ambacho sikukinywa, nikagundua hilo nikiwa kwenye lifti.

Jumanne, 11 Juni

Naandikia hapa hapa hospitalini, kiti cha plastiki, daftari juu ya paja. Mtandao umekwama na mimi nimepata pumzi kidogo. Ofisini nimesema nina jino.

Nilitaka kutazama tu. Nisimame mbali, nione, niondoke. Dirisha limezibwa kwa ubao, bado unanukia gundi. Juu yake karatasi: tumia simu yako. Watu walikuwa wameketi mbele yake vile vile kama zamani, simu mikononi, wanautazama ule ubao kana kwamba utafunguka. Hakuna aliyegomba, hakuna aliyepaza sauti. Wangepiga kelele ningejua la kufanya!

Mama mmoja, miguu imevimba mpaka kandambili hazimwingii vizuri, akanitazama beji ya kazi. Nimesahau kuivua. "Mama, wewe ni wa hapa?" Nikasema hapana. Akaninyooshea simu hata hivyo. Zamu yake ni kesho na simu inamwambia arudie mwanzo. Inamwambia hivyo tangu juzi. Nikaketi karibu yake. Nikabonyeza hapa, hapa, nikamsubirisha pale ambapo najua inakwama, nikambonyezea tena. Ikakubali. Akasema tunashukuru, na safari hii nilijua anashukuru kweli, kwa sababu alinishika mkono na hakuuachia haraka.

Akaja mzee mwenye fimbo. Akaja kijana na simu ya mama yake. Nilipoinua uso foleni imeshajipanga yenyewe, mpaka kwenye mlango wa maabara. Mtu kaniletea kiti. Mwingine kakisogeza karibu na ubao, pale pale palipokuwa dirisha. Nilikuwa na furaha, niiandike hiyo pia. Kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita nilikuwa nafanya kitu na kitu kinatokea.

Ndipo ukaja ujumbe wa Bosi. Kwenye kundi la kazi, watu wote wanasoma.

"Mstari unapanda tangu asubuhi! Siku ya kwanza tu! Nimeshamtumia msimamizi. Wagonjwa wetu wanaweza wenyewe, tusiwadharau." Na mchoro wa mstari, unapanda kama ngazi. Rangi ameweka makofi.

Mstari ule ni mimi. Ni kidole changu hiki.

Nikasimama, nikawaambia waliokuwa mbele, nikijikanyaga: jamani, nikiwabonyezea mimi, kule wanahesabu kwamba mnajiweza, na dirisha halitarudi tena. Afadhali wengine wasipange leo. Afadhali ionekane imeshindikana. Nilipoyasikia yakitoka mdomoni nikaona aibu. Nani asipange? Nimchague nani?

Mzee wa fimbo amenisikiliza mpaka mwisho, bila haraka. Akauliza, si kwa ukali: "Kwa hiyo, mwanangu, leo unatusaidia au hutusaidii?"

Nikasema mtandao umekatika. Na kweli ulikuwa umekatika, Mungu kanistiri. Nikaketi, nikatoa daftari, najifanya naandika jambo la kazi.

Bosi anapiga. Sijapokea. Anapiga tena.

Taa ya kijani imewaka kwenye simu ya kwanza, sasa ya pili. Mtandao umerudi. Foleni imesogea hatua moja bila mtu kuiambia. Aliye mbele ni baba mwenye mtoto mgongoni, yeye mwenyewe anahema kwa shida, zamu yake ni leo mchana, na ameshanyoosha mkono wenye simu. Nyuma yake wote wamenyamaza, wananitazama mikono.